Karatasi Mbili Mezani kwa Msimamizi

Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vitasa.
Jumapili, tarehe 8.

Mpendwa mdogo wangu Spana,

Hujambo lakini? Wifi yangu hajambo? Na yule mtukutu wenu, meno yameshatoka? Huku Mama ni mzima, miguu tu ndiyo inamsumbua akipanda ngazi, na mdomo wake, kama unavyoujua, hauna ugonjwa. Mimi sijambo kidogo. Hicho "kidogo" nitakueleza mbele.

Usicheke mwandiko. Najua unafanana na nyayo za kuku aliyekanyaga matope. Hii ni siku ya nne naandika barua hii moja, na karatasi nilizochana zingetosha kuwashia jiko wiki nzima. Ningekupigia, lakini simu ni ya Mama, na chumba hiki unakijua, anasikia hata ninachofikiri.

Tulikwambia kwamba niliumia kidogo kazini. Mama hakutaka upate presha ugenini. Ukweli ni kwamba mkono wangu wa kulia uliingia kwenye rola za ile mashine ya kupigia pasi mashuka. Vidole vitatu vimekwenda, vimebaki gumba na kile cha mwisho. Mama Pacha, mwenzangu wa zamu, ndiye aliyekimbilia swichi. Sasa ni miezi miwili, kidonda kimefunga, nakula, nalala. Haya, pumua kwanza ndipo uendelee kusoma.

Kinachoniua si maumivu, ni kusubiri. Nasubiri Mama anifunge vifungo, nasubiri anikamulie nguo, nasubiri mtu yeyote anifungulie chupa ya maji. Kazini wamenipa stuli mlangoni mwa stoo, eti kazi nyepesi. Kutwa nzima nakaa pale, mashine ileile inanguruma nyuma ya ukuta, na kazi yangu ni kumwambia mtu sabuni iko rafu ya chini, kana kwamba hana macho. Nikiinuka kwenda chooni naulizwa naenda wapi. Mdogo wangu, nimechoka mpaka basi.

Nilikwenda kwa wakili, yule mama wa msaada wa kisheria nyuma ya posta. Kwenye benchi tulikuwa wanne. Mmoja aligongwa na gari kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Bibi mmoja aliteleza dukani, sakafu imepigwa deki na hakuna aliyeweka kibao. Wa tatu alilipukiwa na jiko la gesi alilonunua jana yake, kichwani hana hata unywele mmoja, na bado anatutania kwamba amepumzika na kinyozi. Wakili akatupanga kama nguo chafu: wewe ni wa barabarani, wewe ni wa mwenye duka, wewe ni wa bidhaa mbovu. Mimi nikawa wa kazini. Akasema ya kazini ina swali moja kubwa, uzembe ulikuwa wa nani. Kisha akauliza kama mashine haikuwa na kizuizi.

 Unakijua kile chuma cha mbele, kikiguswa na vidole mashine inasimama, tukikiita Mlinzi. Wewe unajua na mimi najua waya wake ulikatwa na nani.

Sikulaumu. Na wewe kama umeanza kujilaumu, acha mara moja. Mimi ndiye niliyekulilia wewe, fundi wetu, kwamba Mlinzi anasimamisha mashine kila shuka la tatu na anayefokewa ni mimi. Ukaenda kumuuliza Msimamizi, mimi nimesimama nyuma yako na kapu la foronya. Akasema ukate waya, yeye ataagiza kipuri. Ukakata. Wiki iliyofuata ukasafiri, na kipuri hakijafika mpaka leo. Maneno yale tuliyasikia watatu tu, na mmoja wetu atakana.

Basi nikaanza kumzungusha wakili. Haiwezekani tuseme mashine ililetwa mbovu, kama lile jiko? Akasema kama ilikuja na kizuizi kizima, aliyeiunda hana kosa. Na daktari je, si ndiye aliyekata vidole? Akasema daktari huyo ndiye aliyeokoa gumba. Nikauliza hata sakafu, kama naweza kusema niliteleza. Akaweka kalamu chini, akanitazama juu ya miwani.

"Dada, unamficha nani?"

Nikasema nawahi dawa, nikaondoka.

Jumatatu Msimamizi akaniita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi mbili. Moja inasema nilizembea mwenyewe na sitadai chochote maisha yangu yote. Ya pili ni ile barua yako unayoililia tangu mwaka jana, ya kuthibitisha kwamba ulikuwa fundi mwaminifu hapa, ili hao wa huko wakupe kazi ya kudumu. Imepigwa chapa vizuri, ina muhuri, haina saini. Akaniambia kwa upole, anatabasamu kabisa, nikisaini yangu naye atasaini yako. Nikikimbilia kwa wakili, wa kwanza kutajwa ni fundi aliyekata waya bila ruhusa.

Nilitamani kumtapikia mezani. Nikisaini, mkono wangu umekwenda bure, na Mama Pacha ataendelea kutia mashuka palepale bila Mlinzi. Jana nilipopita mashineni niliona vidole vyake vinapita karibu na rola, nikafumba macho. Nisiposaini, wewe na wifi mnafungasha mizigo. Na Mama siwezi kumwambia, maana hajui kama waya uliukata wewe. Nikigeuka huku ukuta, nikigeuka huku ukuta.

Juzi nilirudi kwa wakili. Jina lako sikulitaja. Anasema fundi akiandika kwa mkono wake kwamba aliamriwa, madai yanasimama. Nikamuuliza kama huyo fundi atapona. Akasema hilo hawezi kuniapia.

Msalimie sana wifi, mwambie ile khanga aliyoniachia ndiyo ninayofungia mkono nikitoka. Mbusu mtukutu kwa ajili ya shangazi yake. Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa soksi. Mama Pacha naye anakusalimu. Mungu awafunike huko mliko na awape riziki isiyo na masimango.

Nimesahau kukwambia nilivyochomoka ofisini siku ile. Msimamizi alininyooshea kalamu, nikamwonyesha mkono. Akataka nipige dole gumba. Nikamwambia mimi nimekwenda shule, dole gumba sipigi, ila mkono wa kushoto haujui kuandika. Akacheka, akasema haya, kajifunze, mwisho wa mwezi urudi.

Ndiyo maana barua hii imenichukua siku nne. Sasa unaona mwenyewe, mwandiko unasomeka. Kisingizio sina tena. Niambie, mdogo wangu, jina langu nikaliandike kwa wakili au kwa Msimamizi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa mkono wowote.