Jani la Isale kwa Manka

Mdogo wangu Manka,

Uko hai. Nimeyaandika maneno hayo mara tatu katika shajara yangu, mimi nisiyependa kurudia neno. Dereva wa lori la kahawa amekuona Arusha, katika kizimba cha mlowezi mmoja: sokwe jike mwenye kovu juu ya jicho la kushoto. Kesho napanda treni. Nimeshafunga mzigo, nimeufungua, nimeufunga tena.

Unakumbuka nyumba ya Bwana, yule mtafiti Mzungu, hapa Machame? Alikuleta ukiwa mchanga ili tukulee kama mtoto wa binadamu, aone kama utasema. Mama alikubeba mgongoni mpaka mferejini. Majirani wakamtania, "Mama Eliya, mwanao huyu atabatizwa lini?" Naye akawajibu, "Akiacha kuiba ndizi zenu."

Kazi yangu ilikuwa kuandika kila neno litakalotoka kinywani mwako. Miaka miwili, kurasa tupu.

Ndipo Jumanne ile ukavunja kibuyu cha maziwa cha mama. Ulitoka mbio, tukadhani umetoroka. Ukarudi na jani la isale kutoka mpakani mwa shamba, ukamwekea mama magotini, kama ulivyoona watu wa kwetu wakiombana radhi. Mama akalipokea.

"Ameomba radhi," akamwambia Bwana. "Mnataka aseme nini tena?"

Bwana akacheka. "Jani si neno. Usiliandike."

Nikatii. Niliandika katika shajara yangu tu. Mwezi huohuo nikamnakilia ripoti yake, kwa mwandiko wangu mzuri: "Hana lugha." Kwa hiyo ukauzwa. Walipokufungia sandukuni, ulitoa mkono kwenye upenyo ukapapasa chini ukitafuta jani la isale, kana kwamba wewe ndiye uliyekosa. Tulikutoa kwa mama yako, tukakulea kama mtu, kisha tukakuadhibu kwa kuwa sokwe.

Leo asubuhi nimechuma isale palepale mpakani, nikalifunga kwa kitambaa kibichi lisinyauke. Kwetu, anayepewa jani hili hawezi kulikataa. Wewe una ruhusa. Lirarue, litafune, nirushie usoni. Utakalofanya ni jibu lako, na safari hii nitaliandika.

Nisubiri hadi kesho, mdogo wangu.

Kaka yako Eliya, niliyekuandika vibaya