Neno Ulilosema, Nami Sikuliandika

Shangazi mpendwa,

Nilipokuwa darasa la tatu ulinifundisha kazi ambayo watoto wengine wa Kuresoi hawakuijua. "Nikianguka, nigeuze ubavu. Usinitie kijiko mdomoni. Halafu funga mlango." Niliufunga mlango ule miaka mingi. Ukizinduka uliuliza kama viazi vimeungua, tukacheka wawili. Majirani tuliwaambia kovu la mkono wako ni la uji wa moto.

Labda ndiyo maana nilifanya nilichofanya pale zahanati.

Unakumbuka mimi na wenzangu wa kazi tulivyokuja kutoka Nakuru, kitambulisho kipya cha ukarani kikining'inia shingoni mwangu, kuandikisha watu wa kujitolea damu ya utafiti. Si ya kuongezewa mgonjwa. Kijichupa kimoja cha kuhifadhiwa kwenye baridi kali kwa miaka, pamoja na historia ya afya ya mwenyewe, na badala ya jina, nambari.

"Itanitibu?" uliuliza.

"Hapana, Shangazi. Pengine itawasaidia watakaozaliwa."

"Na nikifa?"

"Ukikubali, itaendelea kutumika."

"Basi leta hiyo fomu, karani. Si ni mimi niliyekununulia kalamu ya kwanza?" Benchi zima likacheka.

Nilipofika kwenye swali la kifafa nilishusha sauti. Ukaniinamia sikioni. "Ndiyo. Tangu utotoni. Andika. Nikificha hata hapa, hiyo damu itawafaa nini?"

Nyuma yako alikaa mama wa kijana aliyekuwa anamposa dada yangu. Niliona macho yake yakielekea kwenye karatasi. Nikatia alama kwenye "Hapana."

"Umeandika?"

"Nimeandika, Shangazi."

Ukaweka kidole gumba.

Mwaka jana tulikuzika. Mwezi huu watafiti wa kifafa wameomba sampuli za walio nacho na za wasio nacho, wazilinganishe, watafute kinachorithiwa. Nambari yako niliikuta katika orodha ya wasio nacho. Damu yako ingewaambia uongo, na uongo wenyewe ni wangu. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua.

Lakini nilipanda hadi nyumbani kwako Kuresoi, nikachukua kadi yako ya kliniki, ile yenye majina ya vidonge vya kifafa, nikaiweka mezani kwa msimamizi wangu na kumweleza yote.

"Kwa hivyo watu wanatukabidhi damu yao na ukweli wao," alisema, "halafu wewe unachagua upi wa kuandika?"

"Niliona haya, madam."

"Haya ya nani? Yeye aliona haya?"

"Hapana, madam."

"Basi."

Amenipa barua ya onyo. Fomu zangu zote zitakaguliwa upya, na sijui kama nitabaki kazini. Naogopa, unajua nilivyo mwoga. Lakini ningeambiwa leo niende tena kwa msimamizi na kadi ile, ningeenda, na safari hii nisingezunguka jengo mara mbili kwanza.

Kazini kwetu kosa halifutwi. Unalipiga mstari mmoja ili lionekane bado, unaandika yaliyo sahihi kando yake, na jina lako na tarehe. Msimamizi alisimama kando yangu nikipiga mstari juu ya "Hapana." Nikaandika: Ndiyo, tangu utotoni, kama alivyoniambia mwenyewe. Neno lako sasa linasomeka.

Pumzika sasa, Shangazi.

Mimi, mtoto wa kaka yako, uliyemwambia aandike.