Mdomo Unaoimba Hautafuni

Chumba cha Michoro, Ghorofa ya Pili,
Kiwanda cha Zamani cha Chokoleti.
Jumanne, tarehe 4 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi. Hamjambo wewe, wifi na watoto? Mgongo wako umepata nafuu? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na goti halimsumbui sana. Mimi afya ninayo, ila nimekukasirikia, na sitaki kukuficha.

Unajua kazi niliyopewa. Kiwanda alichofanyia kazi Mama kinageuzwa mahali pa wageni kuja kuona chokoleti ilivyotengenezwa, nami ndiye ninayebuni michezo yao. Minyororo iliyobeba magunia ya kakao nimeitundikia bembea. Ndani ya mashine ya kusagia nimeweka mtelezo. Watoto wataingia juu kama kakao na kutoka chini wakipiga kelele. Niliipenda kazi hii, Kaka, mpaka tulipofika chumba cha kufungia chokoleti.

Mkurugenzi anataka wanasesere wa kike wakae mezani, wafunge chokoleti kwa karatasi huku wakitabasamu. Mtoto akibonyeza kitufe, waimbe. Na ukutani, kwa herufi kubwa: "Mama yetu aliimba kwa furaha kutwa nzima." Nilipomuuliza nani kasema upuuzi huo, akacheka.

"Si kaka yako? Tulimpigia simu."

Kweli kikulacho ki nguoni mwako! Wewe ulikuwa shule ya bweni. Ukirudi likizo unakuta vipande vilivyovunjika, walivyogawiwa wafanyakazi, unakula, unalamba vidole, ukadhani umeyajua ya kiwandani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuimba kulikuwa amri ya msimamizi, kwa sababu mdomo unaoimba hautafuni. Aliyenyamaza, hata kwa kumeza mate, aligongewa kengele, akaambiwa apanue mdomo mbele ya wenzake, achunguzwe kama mwizi. Mama Mdogo alikaa meza moja na Mama, muulize. Na wewe umewahi kumsikia Mama akiimba nyumbani? Hata kutubembeleza tulale, alitupigapiga mgongoni, kimya. Hukujiuliza kwa nini?

Wanasesere nimewatupa stoo. Nimebuni mchezo wangu: mtoto anaketi mezani, anawekewa chokoleti, anazifunga huku anaimba. Akinyamaza tu, kengele inalia. Mkurugenzi amenuna. Anasema nitawatia wageni huzuni, na kwamba maneno yako ndiyo yatakayokaa ukutani. Wachoraji wa herufi wanakuja wiki ijayo. Basi mpigie Mkurugenzi simu uyafute. Usiniambie una shughuli nyingi. Ya kusema uongo ulipata nafasi.

Jana nilimleta Mama aujaribu mchezo. Nilidhani atakataa. Akaenda moja kwa moja mahali pake pa zamani, karibu na dirisha, akavuta kiti bila hata kukiangalia. Akachukua chokoleti moja, lakini hakuifunga. Akaitia mdomoni.

Kengele ikalia. Mkurugenzi akaja mbio kuuliza kuna nini. Mama akamtazama usoni, akatafuna polepole mpaka akamaliza, kengele ikilia muda wote huo. Kisha akanyoosha mkono akachukua nyingine.

Msalimie sana wifi. Wanao waambie shangazi yao amewawekea nafasi ya kwanza kwenye mtelezo. Mama Mdogo anakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, na akupe ulimi wa kusema kweli.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
Kitindamimba.