Filta Uliyoikaza

Baba,

Shikamoo. Hatujambo wote, hata gari halijambo: leo nimelibadilishia oili mwenyewe, hapa uani. Lakini ile filta! Niliizungusha kwa mikono, ikagoma. Nikaizungushia mkanda wako wa suruali nikavuta, wapi! Mwishowe nikaitoboa kwa bisibisi ikatokea upande wa pili, nikaisukuma bisibisi kama mpini mpaka filta ikasalimu amri, oili ikanimwagikia hadi kwapani.

Nikanung'unika, "Baba aliikaza kwa spana."

Mama akaja juu: "Baba yako? Kwa mkono mtupu!"

Shangazi anasema tangu uugue anakulisha huko kwake, eti mkono huo haushiki kijiko. Filta nimeifuta, nakuja nayo Jumapili. Nitamwekea mezani ajaribu kusema tena, kisha akurudishie kijiko chako.

Binti yako,
fundi wa gari lako