Programu Iliyopitia kwa Kinyozi

Mdogo wangu mpenzi,

Mimi mzima, ni goti tu linalonuna kukiwa na baridi. Programu ya kuonana kwa simu uliyonitumia ilifika, lakini sikuiweka. Mkwe wangu, ambaye kazi yake ni kukagua programu kabla hazijaingia kwenye kompyuta za hospitali, aliniwahi.

"Baba, imetoka wapi?"

"Kwa mdogo wangu."

"Naye?"

"Kwa kinyozi wake."

"Na kinyozi?"

Nikacheka. Miaka yote ya ukimbizi nimeulizwa asili yangu. Leo zamu ya programu!

Akalinganisha alama yake, ile namba ndefu inayobadilika programu ikiguswa hata kidogo, na ile waliyoitangaza watengenezaji. Hazikufanana: njiani mtu ameifungua, akapachika sikio lake ndani. Ifute, kisha ubadilishe nywila zako pia. Usimgombeze kinyozi, huenda naye alipewa. Chukua ya watengenezaji wenyewe, mimi nimeshaiweka.

Tangu niondoke sijauona uso wako, na siku hizi hata nyuso hughushiwa. Basi ukipiga, anza na ule mluzi wa baba wa kutuita nyumbani jioni. Nikiusikia, nitajua mluzi umetoka kwako, na njiani haukuguswa.

Ni mimi kaka yako, yule aliyekuwa akichelewa kuitika.