Ng'ombe wa Mushumbusi

Kanazi, 13 Machi 1967

Mwanangu Ildefons,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi mzima isipokuwa goti, nalo limekuwa bovu tangu ukiwa shule, kwa hiyo si habari. Natumaini nawe huko Bilele u mzima, na kalamu ya ofisi haijakuchosha.

Jana baada ya misa, Mushumbusi wa Muleba, yule mwenye ng'ombe wengi na adabu chache, aliingia kibanjani, kwenye migomba yetu, bila hodi. Alizunguka akiikagua milamula, ile miti yetu ya mpaka, kama anayechagua mbuzi mnadani, akasema mmeelewana bei ya kibanja. Nikamtolea akamwani, maana mgeni ni mgeni hata akiwa mjinga. Akaitafuna, maganda akayatemea kwenye kaburi la baba yako.

Niambie ni uongo. Kibanja hiki alikipanda babu yako, baba yako amelala humu, na mimi nilipofukuzwa kwa mume ndimo nilimopokelewa. Kikienda, sina pa kwenda. Baba yako alikuachia ukitunze, hakukuachia duka.

Nimempa jirani yetu Klaudia mkungu wa ndizi akuletee. Akamwani sikukutilia. Kahawa ya kutafuna huwa tunawapa wageni, na wewe ni wa nyumbani.

Shangazi yako,
Kokugonza


Bilele, Bukoba, 2 Aprili 1967

Mpendwa Shangazi,

Salamu nyingi, na pole kwa goti. Mimi sijambo. Ndizi zimefika, ingawa nusu zilikuwa zimeiva.

Shangazi, sikulaumu, wewe husomi magazeti. Azimio limetoka. Muda si mrefu kila mwenye kibanja atakikabidhi pamoja na jembe lake, na wote mtapelekwa kulima rweya, kwenye nyasi, kwa pamoja. Mwenye akili anauza mapema. Mushumbusi hana akili, ndiyo maana ananunua.

Hayo ya kukalisha ukoo, kunywa pombe ya ndizi, hiyo lubisi yenu, na kumuuliza kila mzee mwenye fimbo ni mambo ya enzi za wakama, wafalme wa zamani. Tumeandikishana hapa mjini mbele ya shahidi mwenye tai. Wewe utaachiwa chumba, nimekuombea. Mimi nanunua pikipiki, maana kazi za taifa zinataka mtu mwepesi.

Mwanao,
Ildefons


Kanazi, 9 Julai 1967

Ildefons,

Salamu. Kama u mzima, vizuri. Mimi nalala na ndama.

Chumba ulichoniombea ndicho hicho. Ng'ombe wa Mushumbusi wamefika, na wachungaji wake huwaachia kibanjani. Watu wenye akili huwapeleka ng'ombe rweya wakale nyasi, samadi wakaileta kwenye migomba. Huyu amegeuza, migomba ndiyo nyasi. Wamekula machipukizi yote ya upande wa chini, na jike moja jekundu hulala juu ya baba yako kila mchana. Nikilifukuza linanitazama kama wewe ulivyonitazama ulipopata kazi, kwamba huyu mama anataka nini.

Ukoo umekaa. Wazee wanasema uliuza bila kuwauliza, na kwa mila yetu ukoo ukimrudishia mnunuzi fedha zake, ardhi inarudi. Mimi nilitaka kukikomboa kwa kahawa yangu. Wakasema mwanamke hakomboi. Nao ni wapumbavu, nimewaambia hivyo mbele ya padre. Basi wanakupa wewe nafasi ya kwanza. Rudisha fedha, uje upande mlamula wa mpaka upya, tutanyamaza.

Shangazi yako,
Kokugonza


Bilele, 1 Agosti 1967

Shangazi,

Salamu. Fedha haipo, pikipiki ipo. Waambie hao wazee wamtafute Rwegasira, mtoto wa baba mdogo, kama siku hiyo ataweza kusimama kwa lubisi. Wanafanana naye.

Mimi nimemaliza na Kanazi. Sitarudi huko kuomba hata chane ya ndizi.

Mwanao,
Ildefons


Muleba, 3 Novemba 1974

Mpendwa Shangazi yangu,

Salamu nyingi sana. Ni siku nyingi, najua, shughuli zilizidi. Natumaini wote hamjambo huko Kanazi.

Ofisi ilipunguza watu, na walionisema nawajua. Wasio na kazi mjini tukaambiwa tuende vijijini, nami nimegawiwa kiwanja katika kijiji kipya, hapa kwenye rweya. Nyumba ni ya nyasi, na mgomba nilioupanda umekuwa mwembamba kama fimbo. Mke wangu amerudi kwao. Pikipiki nayo iliharibika kitambo, vipuri havipatikani.

Nasikia Rwegasira alikikomboa kibanja. Vizuri, kimebaki kwetu. Mimi ndiye mtoto wa marehemu, kwa hiyo nadhani haitakuwa tabu nikijenga chumba kimoja tu kando ya kaburi la baba, nami siku yangu ikifika nilazwe hapo. Mwambie nitamsaidia mambo ya kusoma na kuandika.

Mwanao,
Ildefons


Kanazi, 24 Novemba 1974

Ildefons,

Salamu. Goti hukuliuliza, nalo bado linauma.

Barua yako nimeirudia kutafuta neno samahani. Nimekuta pikipiki. Serikali ilifika Kanazi pia. Vijana wakaona migomba na mibuni, wakasema hapa watu wako kijijini tayari, wakanywa lubisi ya Rwegasira wakaenda zao. Rweya umepelekwa wewe peke yako.

Rwegasira ni mlevi, hilo uliandika kweli, na akilewa huimba vibaya. Lakini aliuza ng'ombe wake wa maziwa na baiskeli, akamrudishia Mushumbusi fedha zake, na siku ya kupanda mlamula alisimama wima tangu asubuhi. Nilimweleza ombi lako. Alicheka hadi lubisi ikampalia, kisha akasema uje utembee, ule, ulale siku mbili.

Kujenga, hapana. Kando ya baba yako nitalala mimi. Rwegasira amenipa, na nimeshapanda ua la alama.

Njoo Krismasi. Upige hodi. Humu ndani ya bahasha nimekufungia punje za akamwani kwenye jani la mgomba. Zitafune taratibu, na ukija, maganda uyateme mbali na makaburi.

Shangazi wa Rwegasira,
Kokugonza