Jina la Kuchonga Kwenye Jiwe

12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo unasemaje, na lile vumbi la mawe bado linakukohoza? Mimi mzima. Nakula, nalala, naenda darasani hapa chuoni. Sijalia tangu Januari mlipomzika dada bila mimi. Watu wakinipa pole naitikia tu, kama karani anayegonga mihuri.

Nasikia jiwe lake bado halina jina. Iweje, Baba? Umewachongea mawe ya makaburi watu wa mtaa mzima, la mwanao ndilo likushinde?

Jana mwalimu alinirudishia hesabu, wino mwekundu tupu. Swali lilikuwa na elektroni mbili, zile chembe ndogo zilizomo ndani ya kila kitu, hata mawe yako. Nikaziita ya kwanza na ya pili. Akasema, "Nani kakwambia zina majina? Hazitofautiani hata kidogo. Sema moja iko hapa na moja iko pale, basi." Ukizibadilisha nafasi, alama ya kujumlisha mbele ya hesabu inageuka ya kutoa, lakini kila utakachopima kinabaki vilevile. Dada angecheka sana. Mimi, pacha wake mzima, nimefanya kosa hilo!

Mwanao mdogo

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, kifua afadhali. Barua yako nimeisoma mara nne hapa karakana. Kuna jambo nilikuwa naogopa kukwambia, sasa wewe mwenyewe umenichokoza na elektroni zako.

Mlipozaliwa, mkunga alimfunga aliyetangulia uzi mkononi, maana mlikuwa sare kabisa, nasi tukawapa majina kwa kufuata uzi huo. Siku ya tano mama yenu alikuwa hoi, nikawaogesha mimi. Uzi ulilowa, nikaufungua usimkwaruze. Nikawakausha, nikawalaza kwenye taulo moja, kugeuka hivi, lahaula! Sikujua yupi ni yupi. Nikaufunga kwa kubahatisha. Sikumwambia mtu, hata mama yenu hadi anakufa.

Niliyemfunga ndiye akawa dada mtu. Mama yenu alipopooza, nikaamua mkubwa aache shule amuuguze, mdogo asome. Sasa nikishika patasi nimwandike kifungua mimba wangu, mkono unagoma. Huenda aliyelala pale ni mdogo, na mkubwa ni wewe. Nichonge jina gani, mwanangu? Nijibu upesi.

Baba yako

19 Mei

Mwanangu,

U mzima kweli? Wiki ya saba sasa, kimya. Posta wamenichoka, nikiingia tu wanatikisa kichwa. Jiwe nimelifunika gunia. Umekasirika? Nitukane basi, nijue moja. Kwani si umesema mwenyewe, ukizibadilisha nafasi hizo elektroni zako hakuna kinachobadilika? Niandikie hilo tu, kwamba ndivyo ilivyo hata kwenu. Nitaridhika.

Baba yako

20 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia. Mimi mzima.

Sikukasirika. Niliingoja hasira, haikuja. Nikangoja kulia, wapi! Barua yako ilikaa mezani, nikitaka kula naisogeza pembeni, nikimaliza nairudisha. Samahani kwa kukuweka roho juu.

Ni kweli, hesabu inasema hivyo. Ukizibadilisha nafasi, kila kinachopimika kinabaki vilevile. Nimeandika hivyo kwenye mtihani, nikapewa maksi zote. Lakini dada alimgeuza mama kitandani miaka sita, akimfulia mashuka kila asubuhi, na mimi nikaja huku kusoma. Hilo linapimika, Baba. Ulichoomba nikuandikie siwezi kukiandika.

Chonga jina lake. Lile lile ulilokuwa ukimwita akiwa chumbani kwa mama, naye akaitika. Hilo ni lake, uzi uwe ulikosea au haukukosea. Langu nitabaki nalo mimi.

Nafika tarehe tatu Agosti, mchana. Usije stendi, najua njia. Ila ukinifungulia mlango, niite jina langu kwanza, ndipo uniangalie usoni.

Mwanao